Kilemba Chekundu cha Jemadari

Hapo zamani, majeshi ya nchi tatu yalikuwa na cheo kimoja kikubwa, jemadari, lakini kila jeshi lilikielewa kwa namna yake. Kwa watu wa mlimani, jemadari ni yule anayetangulia. Kwa watu wa mtoni, ni yule anayejua kuzungumza na adui. Na kwa watu wa bondeni, ni yule anayerudi wa mwisho, baada ya kuhakikisha hakuna aliyeachwa.

Nyamizi alikuwa jemadari wa bondeni. Wavamizi walipoteka watu wa nchi zote tatu, binti yake Kabula akiwemo, majeshi yaliungana kwenda kuwakomboa.

Mlagala, jemadari wa mlimani, alitangulia. Alivunja lango la ngome kwa shoka, mshale umemchoma begani. Askari wakaingia, mateka wakatoka mbio, moshi umetanda. Nyamizi akamwona Kabula anapita. Moyo ulimwambia amshike mkono waondoke.

"Kimbia, mwanangu! Usinisubiri!"

Yeye akaingia ndani. Alipotoka, alikuwa amembeba mgongoni bibi kizee asiyemfahamu, miguu imevimba kwa minyororo.

Huko nje wavamizi walikuwa wamejipanga upya. Ndipo Kwembe, jemadari wa mtoni, alipoweka mkuki chini, akamwendea mkuu wao peke yake. Walizungumza mpaka jua likachwa. Akarudi na amani.

Furaha iliyoje! Nchi tatu zikaamua kuwa nchi moja yenye jeshi moja, chini ya Mtemi Kasanda. Mtemi akatoa kilemba chekundu cha jemadari, amvike mmoja wa wale watatu aliongoze jeshi hilo.

"Bila mimi, lango lingekuwa limefungwa hadi leo," alisema Mlagala.

"Na bila mimi, mngeuawa wote njiani," alisema Kwembe.

Nyamizi alikitamani kile kilemba, na akaona haya kukitamani. Kabula akamsukuma kidogo. "Sema, mama."

"Mtemi, wenzangu waliokoa wengi, mimi niliokoa mmoja. Lakini kila aliyeingia mle ndani alijua nipo nyuma yake."

"Hilo ni kweli," alisema Mlagala, bega limefungwa kitambaa.

Mtemi akawatazama, asijue amvike nani. Nyuma yao askari walikuwa wamekwisha kuchanganyika, wa mlimani, wa bondeni na wa mtoni, wakipokezana kibuyu cha maji na kucheka.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, kilemba ni kimoja tu. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kuvikwa?