Mawe Mawili ya Digidigi

Niwape, nisiwape?

— Tupe!

Ya jana au ya kale?

— Ya kale!

Basi kaeni vizuri. Na mwenye karanga atafune taratibu, nami nisikike.

Hapo zamani za kale, nyika nzima ilikuwa na chemchemi moja tu. Digidigi alizaliwa kando yake. Mama yake alimfundisha kunywa pale. Mama alipokufa, Digidigi aliendelea kwenda kila asubuhi, anakunywa, anamkumbuka. Sasa alikuwa na mimba, akawaza, "Na mwanangu nitamleta hapa hapa."

Wanyama walikuwa na desturi yao. Kila baada ya masika saba walichagua mlinzi wa chemchemi. Kila mmoja aliweka jiwe moja mbele ya amtakaye. Mwaka huo walisimama wawili: Tandala, mpole wa watu, na Ngiri, aliyependa kugaagaa matopeni.

Asubuhi Mzee Kobe akapita. "Digidigi, wewe na mumeo, twendeni tukachague."

"Tangulia, Mzee Kobe. Majani ya leo ni matamu mno."

Mchana Kobe akarudi, na miguu yake ile mifupi. "Twendeni, wanangu."

"Jua kali, mzee. Wengine si wapo?"

Alasiri akarudi tena, anahema. "Mawe yanakaribiana! Twendeni!"

Mume wa Digidigi akacheka. "Sisi wadogo hivi, vijiwe vyetu viwili vitamzuia nani?"

Wakajilaza kivulini.

Jioni mawe yakahesabiwa. Ngiri akamshinda Tandala kwa jiwe moja. Moja tu! Na Digidigi na mumewe, wote wa upande wa Tandala, walikuwa wawili.

Kesho yake Ngiri akaingia chemchemini na ukoo wake wote. Wakagaagaa, maji yakawa tope tupu. Digidigi akaja akilia.

"Ngiri, niachie pale pembeni tu. Pale aliponywea mama."

"Siku ya mawe sikukuona," Ngiri akajibu, akageukia upande wa pili.

Ndiyo maana mpaka leo Digidigi haendi kunywa na wenzake. Hulamba umande majanini.

Mtoto akazaliwa, akakua. Kila asubuhi mama yake alisimama mbali, akaitazama chemchemi, roho ikimuuma. Siku moja mtoto akauliza, "Mama, maji ya pale yalikuwaje?"

Digidigi akafungua mdomo amwambie. Akakuta ameshasahau ladha yake.

Jamani, siku ya kuchagua nendeni. Ukikaa nyumbani, wengine watakuchagulia, na utakachokosa hutarudishiwa kwa kulia. Wewe unayecheka huko nyuma, mara ya mwisho ulipiga kura lini? Haya, usinijibu mimi. Wajibu watoto wako.

Hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe aende nayo kwao.