Karibu ya Jini Baghami

Jini Baghami alijaliwa kipaji kibaya: akiwa ndani ya jumba lake, kila alilotamka lilikuwa papo hapo. Aliyemuudhi aliambiwa "kuwa bata," akawa bata. Uani hapakuwa tena na pa kukanyaga.

Siku moja alimwita Bi Mwanaidi, mpika vitumbua, aje amtumikie mpaka kufa, la sivyo angekuwa bata. Mwanaidi akasimama mlangoni, sinia la vitumbua kichwani.

"Hodi."

"Ingia," jini akanguruma, popo wakatetemeka darini.

"Hivyo huambiwa mbuzi. Kwenu hamkufundishwa kumpokea mtu?"

Jini alifedheheka, maana alijiona muungwana. "Karibu."

"Karibu kavu hivyo? Hata sisi mafukara hukaribisha vizuri zaidi."

"Basi karibu, bibi," jini akasema kwa madaha. "Karibu ndani, usione haya. Hapa ni kwako."

Mwanaidi akaingia, akatua sinia, akajikalia kwenye kiti kikubwa. Popo wote wakamwamkia, "Shikamoo, mwenye nyumba."

Jini akang'aka, "Kuwa bata!"

Mwanaidi akauma kitumbua taratibu. "Hayo, baba, kayasemee kwako."