Fundo la Baba Siwema

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na mashamba kama sisi, alikuwepo Kindi mmoja, jina lake Siwema. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Baba yake alisuka kamba, naye alimfundisha binti yake fundo moja la ajabu: ukilivuta linakaza, ukilisukuma linalegea.

Siwema akachukua vyungu vya mama na kamba za baba, akavifunga kwa fundo lile, akabuni gurudumu la kupandisha maji. Kwiriri! Kwiriri! Maji yakatoka mtoni yakapanda mpaka mashambani.

Basi Kiboko, lile jitu lisilojua hata kufunga mzigo wa kuni, likasimama barazani bila haya.

"Gurudumu nimelibuni mimi!"

"Mwongo!" Siwema akafoka. "Mama yangu ameungua vidole kwa ajili ya vyungu vile!"

"Mfinyanzi na msuka kamba wazae mbunifu? Thubutu!"

Hasira zinanipanda hata leo nikisimulia. Na wanyama wote wanamwogopa! Mzee Tembo, mkuu wa baraza, akaamua: kesho wote wawili waje mtoni, na atakayeonekana mwongo atahama bonde pamoja na jamaa zake.

Kesho yake Siwema akajifanya mnyonge.

"Bwana Kiboko, waonyeshe wewe. Si mbunifu huanza kwa kujifunga mguu kwenye nguzo, gurudumu lisimburute?"

Kiboko hakujua lolote, lakini angesemaje?

"Ee! Ndivyo hasa! Utaratibu huo nimeuanzisha mimi!"

"Basi lete mguu, mzee wangu, nikusaidie."

Akamfunga fundo la baba yake.

"Haya, sasa jifungue, tukuone."

Kiboko akavuta. Fundo likakaza. Akavuta kwa nguvu zote, puu! Chali kwenye tope.

"Mnatazama nini? Nifungueni!"

Nyati akaja, naye akavuta.

"Uwiii! Mguu wangu!"

"Nani anayelijua fundo hili?" akauliza Mzee Tembo.

"Muulizeni mbunifu," akasema Siwema. "Si huyo hapo, amelala?"

Kiboko akaangua kilio. "Mwambieni Kindi anifungue! Gurudumu ni lake! Vyungu ni vya mama yake, fundo ni la baba yake!"

Siwema akaisukuma kamba kwa kidole kimoja, ikalegea. Kiboko akahama na jamaa zake jioni ileile, na hakuna aliyewasindikiza.

Nanyi, wanangu, mkidai kazi ya mwenzenu ni yenu, iko siku mtaambiwa muifanye mbele za watu.