Mafuta ya Kangaga ya Shemsa

Kisome kisa hiki taratibu, kisha mpelekee mmoja unayemtakia mema.

Katika kijiji kimoja kando ya msitu, bibi harusi hakutolewa mbele za watu bila kupakwa mafuta ya kangaga. Kangaga ni mmea wenye majani yaliyochanika kama vidole, unaotambaa juu ya miti mikubwa. Majani yake yakinyauka hunukia vizuri sana. Wanawake waliyaanika kivulini, wakayaloweka katika mafuta ya nazi. Mafuta hayohayo ndiyo waliyompaka marehemu kabla ya kumvisha sanda.

Mwaka mmoja mvua ilikuwa haba, kangaga zikakauka msituni. Bi Mize, kungwi wa kijiji, alipata chupa moja tu. Akamwekea Shemsa, aliyekuwa akiolewa.

Asubuhi ya harusi zikaja habari kwamba Bi Hidaya amefariki. Alikuwa msuka mikeka, hana mtoto wala ndugu.

"Yeye atapakwa nini?" Shemsa akauliza.

"Atazikwa hivyo hivyo, mwanangu," Bi Mize akajibu. "Mafuta haya ni yako."

"Mimi nina siku nyingine za kujipaka, inshallah. Yeye hana. Mpelekee, bibi."

Bi Mize akasita. "Mama mkwe wako unamjua. Asiponusa mafuta, atasema umetoka nyumba isiyojali. Anaweza kuivunja harusi."

"Akiniuliza, nitamjibu."

Mchana Bi Zawena, mama wa bwana harusi, akaingia na ngoma na vigelegele. Kama ilivyokuwa desturi, aliushika mkono wa Shemsa akaupeleka puani. Uso ukambadilika. Ngoma zikanyamaza.

"Mafuta yako wapi?"

"Yako kwa Bi Hidaya, mama. Amefariki leo. Nimeyatoa mimi mwenyewe, sikulazimishwa na mtu."

Bi Zawena akauachia mkono ule, akatoka.

Mama yake Shemsa akaanza kulia. Shangazi zake wakaanza kukunja mikeka ya wageni. Lakini Shemsa alikaa wima palepale alipokuwa, wala hakujuta.

Watu waliporudi kutoka kuzika, Bi Zawena akatokea mlangoni, kanga ameifunga kiunoni.

"Nilikwenda kuhakikisha kama ni kweli," akasema. "Nikakuta waoshaji ni wawili tu, nikaingia kusaidia. Mimi ndiye niliyempaka."

Akafungua viganja vyake. Vilikuwa bado viking'aa, na harufu ya kangaga ikajaa chumbani. Akakaa karibu na Shemsa, akampaka mikono, kisha shingo, polepole, kama anayempaka binti yake.

"Nilikuja kumtafutia mwanangu mke," akawaambia wote. "Nimempata. Kunjueni mikeka, mpige ngoma."

Funzo: Mtendee wema hata asiyeweza kukushukuru, na ukiulizwa, sema kweli bila woga. Wema wako utakutambulisha vizuri kuliko mapambo yoyote.