Pimbi Aliyeomba Jembe

Paukwa!
—Pakawa.
Mbona kama mmefunga? Paukwa!
—PAKAWA!
Haya, sasa nimesikia watu.

Hapo kale palikuwa na Pimbi. Mdogo, mfupi, mkia hana. Baba hana, mama hana, hata jirani wa kugombana naye hana. Akasema, "Nitatembea mpaka nipate mlango wa kuniambia karibu."

Njiani akakutana na Fisi. "Twende wote! Wewe beba mkoba, mimi nitabeba heshima."

Kijiji cha kwanza, chakula kikaletwa. Fisi akasema, "Mimi mkubwa, wewe subiri!" Kwapu, kwapu, kwapu! Sinia likabaki jeupe pe! Kesho yake wakafukuzwa wote wawili. Kijiji cha pili, "Mimi mkubwa, wewe subiri!" Kwapu! Wakafukuzwa. Pimbi alilia, jamani. Si njaa tu. Milango ilikuwa inamwishia.

Kijiji cha tatu ni cha akina Nungunungu, wakulima wa mihogo. Pimbi akamnong'oneza Fisi, "Kaka, hawa siku ya tatu wanampa mgeni zawadi. Ina mpini, ina chuma."

"Kisu cha kuchinjia!" Fisi akameza mate.

"Ila mgeni haondoki mkekani."

"Niondoke niende wapi?"

Fisi akala, akalala, akala tena. Pimbi siku ileile akaenda kwa Bibi Siwatu, mkubwa wa kijiji.

"Shikamoo, bibi. Naomba jembe."

"Marahaba. Ebo! Mgeni siku mbili, jembe ni la siku ya tatu."

"Nimechoka kuwa mgeni, bibi."

Jembe lilimzidi urefu. Akaliinua, tifu! Chini. Akainuka, tifu! Tena chini. Nungunungu wakacheka mpaka miiba ikawasimama. Jioni wakamwita kula sinia moja nao.

Siku ya tatu Bibi Siwatu akamwendea Fisi. "Mgeni wetu, pokea." Fisi akafumba macho, akanyoosha mikono. Akafumbua. Jembe!

"Shamba lile pale, hadi mtoni," bibi akasema.

"Aa, mimi nina safari! Pimbi, chukua mkoba, tunaondoka!"

"Nenda salama, kaka. Mimi nipo nyumbani."

Basi, funzo lenyewe: mkienda ugenini, jembe msiliguse kabisa. Mtajikuta mna bibi, mna wajomba, na safari imewaharibikia.

Hadithi imefika mwisho. Ilipokuwa tamu, ni yenu. Ilipokuwa chungu, mpelekeeni Fisi, kama mtamkuta.