Bao la Bi Pimbi na Maboga ya Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Jikoni pana nini?
Chungu!
Na chunguni?
Boga la Kiboko!

Basi Kiboko alipenda boga la kuchemsha kuliko usingizi. Kila asubuhi alikata mti, kwa! kwa! puu! Akawasha moto, akachemsha, akala, nyam nyam nyam. Kesho yake tena, kwa! kwa! puu! Nyam nyam nyam.

Kwenye miamba aliishi Bi Pimbi na wanawe. Alimpenda sana Kiboko, maana mwaka wa mafuriko ndiye aliyewabeba wanawe mgongoni. Lakini aliona miti inakwisha na chemchemi inapungua, na moyo ulimuuma. Akimwambia, Kiboko anacheka tu: "Msitu wote huu, jirani, nani ataumaliza?"

Siku moja Bi Pimbi akachimba vishimo, akavitia kete.

"Karibu bao, mzee. Hili ni bonde letu, kwa mfano. Shimo hili msitu, hili bwawa lako, hili jua. Kila zamu ni mwaka. Ukichota msitu bila kurudisha, nami nachota bwawa. Mshindi atapewa bonde, aishi nalo kama lilivyobaki."

"Kwa mfano tu? Naapa kwa masharubu yangu, nakula zote!"

Akachota msitu, akala. Bi Pimbi akachota bwawa. Akachota msitu, akala. Bi Pimbi akachota bwawa.

"Zimekwisha! Nimeshinda!"

"Hongera, mzee. Bonde lako hilo."

Kiboko akainama. Msitu mtupu. Bwawa tupu.

"Sasa nitalala wapi na ngozi yangu hii?"

"Vumbini. Si umeapa?"

Machozi yakamtoka, tii tii tii. "Lakini ulisema ni mfano!"

"Ni mfano, ndiyo maana unalia na bwawa bado lina maji. Turudie?"

Wakarudia. Kiboko akachota msitu kidogo, akarudisha. Akachota jua, likajazwa na Bi Pimbi. Akachota tena, likajaa.

"Kumbe hili haliishi! Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia vipi, nawe mdomo umejaa?"

Kesho yake Kiboko akapanda miche, akaanika vipande vya boga mwambani. Wana wa Bi Pimbi wakamwibia, naye akajifanya amelala, khoo, khoo.

Hadithi imeiva: utamu gawaneni, ukoko niachieni mimi. Na fundisho lake, wanangu, ni kwamba bao ni mchezo wa wavivu, halijamfunza mtu kitu. Aliyekula kete zangu jana azirudishe.