Digidigi na Tope la Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifagia nyua na kukaribishana chai kama sisi, palikuwa na bonde moja likiitwa Matete. Bwana mkubwa wa bonde hilo alikuwa Nyati.

Nyati alikuwa na shingo nene kama gogo. Alikuwa na nyumba ya mabati. Na alikuwa na mbwa. Mbwa wa kuwinda! Kila mmoja amefungwa njuga shingoni, wakikimbia bonde zima linasikia: chaka-chaka-chaka-chaka!

Sasa hebu niambieni. Nyati anakula nini? Majani! Asubuhi majani, mchana majani, jioni majani tena. Hata mchuzi wa nyama hajawahi kuuonja. Sasa mbwa wa kuwinda wa nini? Eti anapenda kusikia njuga zinavyolia. Eti anapenda kuona kulungu anavyoruka akiogopa. Wenzake wanakufa, yeye amekaa barazani anacheka, kikombe cha chai mkononi. Mimi jambo hili nikilisimulia moyo wangu unawaka.

Siku moja Nyati alikwenda nyumbani kwa Mama Kulungu. Hakupiga hodi. Alisukuma mlango kwa pembe, kwaa! Akaingia.

Mama Kulungu alikuwa amejifungua juzi tu. Mtoto amelala juu ya majani makavu, miguu myembamba kama vijiti, hata kusimama hajajua.

"Shikamoo, Bwana Nyati," alisema Mama Kulungu.

"Marahaba. Mwinue huyo. Nataka majani ya kitanda."

"Ya kitanda changu? Ya nini, bwana?"

"Ya kuwanusisha mbwa. Kesho nina mgeni, Bwana Kifaru. Hajawahi kuona mawindo maisha yake yote. Nimemwahidi kulungu."

Mama Kulungu akasimama mbele ya mtoto. "Bwana, mtoto huyu hawezi kukimbia."

"Nani kasema akimbie yeye? Utakimbia wewe. Na ukimbie vizuri, usinitie aibu mbele ya mgeni. Mwaka jana mumeo alichoka mapema, mchezo ukaharibika."

"Mume wangu alikufa!"

"Ndiyo hivyo nasema. Mapema mno."

Mmesikia maneno hayo? Anamwambia mjane! Kisha akavuta majani kwa mguu, mtoto akabingirika sakafuni, bii! Akajaza gunia, akaondoka. Hata kwaheri hakusema.

Jirani wa Mama Kulungu alikuwa Digidigi. Digidigi ni mdogo, wanangu. Mdogo kabisa. Ukimkalisha kwenye kiti miguu inaning'inia. Lakini alikuwa mwepesi wa miguu, na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi ya miguu.

"Hodi, shoga! Nimesikia yote kupitia ukutani."

"Karibu, dada. Umekuta nafunga mizigo. Nahama sasa hivi."

"Na mtoto utambebaje? Ukiwa naye mgongoni utawashinda mbwa mbio?"

"Basi kesho nitakimbia peke yangu, niwapeleke mbwa mbali naye."

"Wakikumaliza, nani atamnyonyesha? Mimi? Maziwa yangu hayajazi hata kijiko!"

Mama Kulungu akaanza kulia. Digidigi hakulia. Alikuwa amekasirika mpaka pua yake inatetemeka, dik! dik! dik!

"Aje achukue kitanda cha mtoto!" alisema. "Majani ya kitanda cha mtoto mchanga! Huyu hana haya? Hebu niambie, shoga. Siku ya mawindo Nyati anaanza kwa kufanya nini?"

"Anaoga tope. Si unajua desturi yao? Mwenye mbwa anaingia kwenye tope mbele ya wageni, wageni wanapiga makofi. Bila kuoga tope hatoki."

"Wageni nao wanaoga?"

"Hapana. Peke yake. Ndiyo heshima yake."

Digidigi akaruka juu, dik! "Nipe majani yaliyobaki kitandani. Na huo mkojo wa mtoto pale kona, usiufagie. Futa kwa majani hayohayo."

"We! Una wazimu?"

"Futa, shoga! Na wewe mwenyewe yalalie mpaka kesho. Yalalie vizuri, jasho lako liingie."

Kesho yake asubuhi, Nyati alikuwa barazani na mgeni wake. Kifaru, mnamjua, ana pembe puani lakini macho yake hayaoni mbali. Walikuwa wanakunywa chai ya majani mabichi, fyuuu, fyuuu. Digidigi akaingia uani, mzigo mgongoni mkubwa kuliko yeye.

"Hodi wenyewe! Shikamooni, mabwana wakubwa!"

"Nani huyo anaongea?" Kifaru akauliza. "Kigoda?"

"Ni Digidigi," Nyati akacheka. "Unataka nini, binti?"

"Nimeleta majani ya kulainishia tope lako, bwana. Nimesikia una mgeni wa heshima. Nikasema, la! Bwana Nyati hawezi kuoga tope gumu mbele ya mgeni. Watasema bonde letu ni la kimaskini."

Nyati akavimba shingo kwa furaha. "Umeona, Kifaru? Hata wadogo wananipenda. Weka humo, binti, na ukanyage vizuri."

Digidigi akamwaga majani kwenye tope, akaanza kukanyaga. Fyata-fyata-fyata! Nyati akasogeza pua.

"Mbona yananuka hivi?"

"Hiyo ni harufu ya porini, bwana. Wawindaji wakubwa wote wananuka hivyo. Wanaonukia sabuni ni makarani."

"Kweli kabisa," akasema Kifaru, ambaye hakutaka ionekane hajui. "Mimi pia nilisikia hivyo."

Basi Nyati akajitupa kwenye tope, chubwiii! Akabingirika ubavu huu, akabingirika ubavu ule. Akapaka shingo, akapaka mkia, akasugua masikio. Kifaru anapiga makofi, pa! pa! pa! Digidigi naye anapiga makofi. "Bado mgongoni, bwana! Hapo! Ongeza hapo!"

Nyati akatoka ameng'aa tope mwili mzima. Akachukua baragumu, akapuliza: puuuuu! Mbwa wakafunguliwa bandani.

Kiongozi wa mbwa aliitwa Usiulize. Alikuwa mzee, masikio yamechanwa na miiba, mguu mmoja unachechemea. Miaka yote alikimbia yeye, na sifa alipata Nyati.

"Tazama sasa, Kifaru," Nyati alisema. "Mbwa wangu hawaangalii uso. Hawasikilizi maneno. Mwenye kufukuzwa atalia, ataomba, atasema hiki na kile. Hizo ni kelele tu. Pua ikisema kamata, wanakamata. Mimi sitaki mbwa anayefikiri."

Akafungua gunia. "Nuseni!"

Mbwa wakanusa majani ya kitanda cha Mama Kulungu. Nff! Nff! Kisha wakainua pua hewani. Nff, nff. Pua zikageuka, taratibu, zote pamoja, zikamwelekea bwana wao.

Usiulize akakohoa kidogo. "Samahani, bwana, lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini pua inasema..."

"Pua imesema?"

"Imesema, bwana, ila..."

"Hakuna ila! Nimekufundisha nini mimi? Pua ikisema, kamata! Kamata, mjinga wewe!"

Usiulize akawatazama wenzake. "Haya," akasema. "Mmesikia wenyewe."

Hau! Hau! Hau! Chaka-chaka-chaka! Mbwa wote wakamrukia Nyati.

"Eh! Nyie! Mnakwenda wapi? Huku siko! Aaaa, mkia wangu!"

Nyati akageuka, mbio! Tifu! Tifu! Tifu! Akavunja uzio, akakanyaga sufuria za chai. Mbwa nyuma yake. Kifaru, macho yake yale, aliona tu kitu kikubwa kinakimbia na mbwa wanakifuata.

"Huyo! Huyo! Huyo!" alipiga kelele. "Loo, kulungu mnene huyu! Mfukuzeni!" Akaokota baragumu, akapuliza kwa nguvu zote, puuuuu! Mbwa wakisikia baragumu ndiyo wanazidi mbio.

Lakini hapo kukatokea jambo ambalo Digidigi hakulipanga. Nyati alikimbilia kichakani. Na kichaka chenyewe ndimo alimojificha Mama Kulungu na mtoto wake!

Digidigi alikimbia kupita njia ya mkato mpaka akaishiwa pumzi. Alichelewa. Nyati alikwisha ingiza kichwa kichakani, ulimi nje, macho yametoka.

"Nifiche! Mama Kulungu, nifiche! Mbwa wanakuja!"

Mama Kulungu alikuwa amemlalia mtoto. Akainua kichwa. "Wewe?"

"Nina watoto nyumbani! Nitakufa mimi!"

Njuga zilikuwa zinakaribia, chaka-chaka, chaka-chaka. Mama Kulungu akamsukuma kwa kichwa.

"Toka hapa," alisema. "Hapa pamelala mtoto wangu. Toka! Nenda mtoni."

"Mtoni kuna nini?"

"Maji yanaondoa harufu. Hujui? Sisi tunajua. Nyinyi ndio mliotufundisha."

Nyati akachomoka, tope linamdondoka njia nzima. Mbwa wakafika kichakani. Usiulize akasimama. Nff. Akanusa kichaka. Nff, nff. Mama Kulungu akabana pumzi. Mtoto akafungua mdomo alie, Digidigi, aliyekwisha kujipenyeza ndani, akamlaza kifuani kwake, "Shhh."

Lakini tope bichi lilinuka zaidi, na lilielekea mtoni. "Huku!" akasema Usiulize. Chaka-chaka-chaka, wakapita.

Walimkuta Nyati ametumbukia majini mpaka kifuani. Wakamzunguka. Mmoja akang'ata sikio, mwingine akang'ang'ania mkia.

"Ni mimi! Ni bwana wenu! Mnanijua, nimewalea!"

"Kila tunayemfukuza anasema kitu, bwana," alijibu Usiulize, mdomo umejaa manyoya. "Ulisema ni kelele tu."

"Nawaombeni! Nihurumieni!"

"Na hilo pia wanasema."

Maji yalikuwa yanapita, tope linaondoka kidogo kidogo. Mbwa mmoja akaachia mkia. Akanusa. "Eh! Harufu imekwisha."

"Ni bwana kweli," akasema mwingine. Wakarudi nyuma wote, wakasimama kwenye maji mafupi wanahema.

Mngedhani Nyati atashukuru kuwa hai. Wapi! "Mbwa wapumbavu!" alinguruma. "Nilikuwa naomba, hamkunisikia?"

"Tulikusikia," alisema Usiulize.

"Sasa mbona hamkuacha?"

Usiulize akatema manyoya yaliyobaki mdomoni. "Wale wengine wote pia tuliwasikia, bwana."

Mbwa wengine walitazama maji. Kisha Usiulize akaweka mguu shingoni, akavuta kamba ya njuga kwa makucha, ikakatika. Njuga ikazama, tubwi! Wenzake wakafanya vilevile. Tubwi! Tubwi! Tubwi! Wakavuka ng'ambo, wakajikung'uta maji, wakaenda zao.

"Mnakwenda wapi? Nani atawalisha?"

"Tutajua hukohuko," Usiulize akajibu bila kugeuka.

Hapo ndipo Kifaru alipofika akihema, baragumu mkononi. "Yuko wapi? Ameshakamatwa? Nimekosa yote!"

Nyati, sikio linavuja damu, akajikaza. Hata hapo bado alikuwa anataka sifa! "Hapana, rafiki yangu. Ulikuwa mchezo tu. Nilikuwa nakuonyesha mchezo."

"Mchezo?"

Sauti hiyo ilitoka ukingoni. Mama Kulungu alikuwa amesimama hapo, mchana kweupe, mtoto wake akiyumbayumba pembeni yake, ndiyo anajifunza kusimama. Digidigi amesimama upande wa pili.

"Kama ni mchezo, Bwana Nyati," alisema Mama Kulungu, "mbona unatetemeka?"

Nyati akazama majini mpaka puani.

Kifaru akakunja macho kutazama ukingoni. "Nani huyo anayeongea?"

"Ni kulungu," Digidigi alimjibu. "Yule uliyeletwa umwone anavyokimbia. Mtazame vizuri, bwana. Leo hakimbii."

Hadithi yangu naiweka hapo, na funzo lake nawapa nyinyi mlibebe: mchezo unaomliza mwenzako si mchezo, ni dhuluma.